Pua ya Kijumba cha Fundi

Enhe, unauliza uzito kiasi gani ukae pale puani, pale tela linaposhikia pikapu? Jibu fupi hili hapa: ukiwa na tela la kilo elfu moja, puani paelemee kilo mia, mia na ishirini, hata mia na thelathini si mbaya. Haya, umelipata, nenda zako. Huendi? Basi vuta kiti. Si hicho, hicho mguu wake mbovu, vuta kile cha dirishani. Jibu hilo nalijua tangu naendesha lori, mwanangu, ila siku nilipolisema mbele ya watu wangu hakuna aliyenisadiki. Hata mke wangu, ambaye huwa ananisadiki hata nikipunguza umri.

Unamjua mkwe wangu, Fundi? Baba wa mume wa binti yangu, yule seremala. Mrefu, mkimya, penseli sikioni hata akienda kwenye harusi. Mimi na yeye tuna mjukuu mmoja, mmoja tu, yule msichana tunayemwita Chiriku kwa sababu anaongea tangu anafumbua macho mpaka anafumba, na akishafumba anaendelea kidogo. Mjukuu mmoja, mababu wawili. Hapo shida umeshaiona bila mimi kukuchorea.

Miaka yote hiyo mimi ndiye nilikuwa mbele. Mtoto na wazazi wake wanaishi kwa Fundi, ndiyo, lakini mimi nina pikapu. Shule zikifungwa tu, napiga honi nje ya nyumba ya Fundi, mtoto huyo, mbio na mfuko wake, anarukia kiti cha mbele. Pikapu yangu ina viti viwili tu, changu na chake. Tunaondoka. Fundi anabaki mlangoni, nyusi zimejaa vumbi la mbao. Nilikuwa nampungia mkono. Nilikuwa nampungia vizuri sana.

Basi mwaka huu Fundi akanijibu. Muda mrefu alikuwa anagongagonga uani kwake, ukimuuliza anasema, "Kabati." Kumbe kabati lina magurudumu! Kijumba kizima cha mbao, kimekalishwa juu ya tela. Kina mlango, madirisha, vitanda vya kukunja, meza katikati, jiko, sinki, kimepakwa rangi ya samli. Ukipitisha kidole ukutani huoni ubao ulipoungwa. Nilipitisha, nilikuwa natafuta. Sikuona.

Chiriku alipokiona alipiga yowe. "Babu Fundi! Hii nyumba yetu?" Yetu. Neno dogo hivyo, mwanangu, na mimi simo ndani yake.

Halafu binti yangu ananipigia simu. "Baba, mume wangu kazi zimembana, ila likizo hii sisi wengine wote tunaenda ziwani, tukalale kwenye kijumba. Ila Baba Fundi hana gari. Wewe utakivuta."

Mimi! Nivute nyumba ya mwenzangu ili mjukuu wangu akalale humo amsifie yeye! Jana babu mwenye pikapu, leo punda wa Fundi. Na kukataa siwezi, maana nikikataa mtoto atabaki kwa Fundi likizo nzima, analala kwenye kijumba hapohapo uani, na mimi nabaki na kiti kitupu. Nikasema sawa. Mke wangu aliponiangalia nilivyokata simu akasema, "Mzee, hiyo sawa yako ina meno."

Asubuhi ya safari tukafika kwa Fundi. Nikakizunguka kijumba mikono mgongoni, kama mkaguzi.

"Mlango mwembamba," nikasema.

"Kwani unataka kuingiza ng'ombe?" Fundi akajibu.

"Mapazia haya jua litapita."

"Mapazia nimeshona mimi, mkwe," mke wa Fundi akasema, mkono kiunoni. Mwanamke mnene, mcheshi, lakini ukigusa kazi yake ucheshi unakwenda likizo.

"Na hii rangi itaonyesha vumbi."

"Baba," binti yangu akasema, "umekunywa chai kweli?"

Nilikuwa na kijiba cha roho, sikufichi. Chiriku alikuwa anaingia anatoka, anaingia anatoka, anamwonyesha kila mtu kitanda chake, na alikuwa hajaja hata kupiga honi yangu. Ile honi huwa anaipiga kabla hajanisalimia.

Sasa ikafika kazi yenyewe. Nikarudisha pikapu nyuma mpaka karibu na kijumba. Nyuma ya pikapu kuna donge la chuma, na kijumba kina pua yenye kikombe, kikombe kinafunika donge, unafunga, mnaondoka. Nikaishika ile pua niisogeze kidogo. Ikanyanyuka. Kwa mkono mmoja, mwanangu! Umri huu, mgongo huu, nimesimama pale nimeshika pua ya nyumba kama nimeshika birika.

Nikajua. Nikaingia ndani kuangalia, na kweli: jiko nyuma kabisa, mtungi wa gesi nyuma, tangi la maji nyuma, limejazwa mpaka shingoni, na chini ya jiko sanduku kubwa la mbao lenye pembe za chuma. Mbele kwenye pua kuna nini? Mito ya kulalia.

"Mkwe," nikasema, "mbona umeweka kila kitu nyuma?"

Fundi akanitazama kama nimeuliza kwa nini paa liko juu. "Jiko likae wapi? Sebuleni? Nyumba ina mbele na ina nyuma. Mbele watu wanapokelewa, jiko linakaa nyuma."

Unaona? Mtu ametengeneza milango na mapaa ya nyumba za watu maisha yake yote. Alipopata magurudumu akajenga nyumba. Hakufikiria kwamba nyumba hii itakimbia.

Nikamwambia, "Pua ikiwa nyepesi, kijumba kitatikisa mkia. Kitaichezesha pikapu huku na huku mpaka kitutupe mtaroni."

Binti yangu akacheka kidogo, kile kicheko cha kumsikitikia mtu. "Baba. Mlango mwembamba, mapazia, rangi, na sasa pua. Huo si wivu, baba yangu?"

Nikamwangalia mke wangu anitetee. Akageuka kupanga masufuria kwenye gari la binti yetu. Aliyapanga muda mrefu masufuria yale, na yalikuwa mawili.

Ningefanya nini? Nikaona njia moja tu, na yenyewe ilinichoma. Chiriku alikuwa ameshakuja na mfuko wake, ameshika mlango wa pikapu, upande wake. Nikamwambia, "Mama, leo hupandi na mimi. Panda gari la mama yako. Hapa atakaa Babu Fundi."

"Kwa nini, Babu?"

"Mpaka kijumba kitulie."

Midomo ikaanza kutetemeka. Yule mtoto asiyenyamaza akanyamaza. Binti yangu akaja akamshika mkono na kuniambia chinichini, "Umenunia kijumba, sasa unamnunia na mtoto?"

Nikafunga kikombe kwenye donge, nikavuta mnyororo kuhakikisha, nikamwambia Fundi apande. Tuende taratibu tu, mpaka kituo cha mafuta kilicho mbele kidogo, aone kwa macho yake. Akapanda. Magoti yake marefu yakagonga pale Chiriku anapowekaga miguu, nikachukia hata magoti.

Mwanzo hakuna kitu. Barabara tambarare, mwendo wa kinyonga, kijumba kimetulia nyuma kama bibi harusi. Fundi anaangalia kioo cha pembeni, anatabasamu.

"Mbona kimetulia, mkwe?"

"Subiri."

"Nasubiri. Nitasubiri mpaka ziwani."

Tukashika mteremko. Mteremko mdogo tu, hata baiskeli haiuogopi. Basi kubwa likatupita, na ule upepo wake ukakipiga kijumba kofi la ubavu. Nikaona rangi ya samli kwenye kioo cha kushoto. Ikapotea. Nikaiona kwenye kioo cha kulia. Ikapotea. Ikarudi kushoto, sasa imejaa kioo kizima. Nyuma ya pikapu ikawa kama inanyanyuliwa makalio, usukani ukawa mwepesi mikononi, haunijibu. Fundi akashika dashibodi kwa mikono yote miwili. Penseli ikaanguka.

"Breki! Piga breki!"

"Nyamaza!"

Hapo usipige breki, mwanangu, na ndiyo maana nakusimulia, na hilo ulishike kuliko yote. Ukipiga breki, kijumba kinakuja kukukalia mgongoni. Toa mguu kwenye mafuta, shika usukani wima, usikifuate kinavyocheza. Kiache kichoke. Kikacheza, kikacheza, kikapunguza, kikatulia. Tukaingia kituo cha mafuta tunatambaa. Nikazima gari. Fundi aliinama akaokota penseli yake, akalikosa sikio mara mbili.

Binti yangu alikuwa nyuma yetu, ameona yote. Akashuka, akaja moja kwa moja upande wangu, akanishika mkono uliokuwa bado kwenye usukani.

"Nimeona, Baba."

Nilikuwa nimeandaa maneno, usidhani. Tangu kwa Fundi nilikuwa nayapanga, makali kweli. Yakaniishia. Nikauliza tu, "Chiriku yuko wapi?"

"Yuko kwenye gari na mabibi. Anauliza kama kijumba kilikuwa kinacheza ngoma."

Basi tukasogeza kijumba pembeni kwenye sakafu ya saruji, tukaweka mawe kwenye magurudumu, tukakitenganisha na pikapu. Nikamwambia Fundi, "Toa lile sanduku." Tukalishika wawili. Halikusogea hata kucha.

"Una nini humu, mkwe? Umezika mtu?"

Fundi anaangalia viatu vyake.

Mke wake ndiye akajibu, kutoka mlangoni. "Vyombo vyake vya kazi. Randa, patasi, misumeno, na lile jiliwa la chuma la kubania mbao. Na mbao zenyewe."

"Tunaenda ziwani kupumzika au kujenga?"

"Anataka kumtengenezea mtoto meza ya kusomea. Wakiwa pamoja. Amshikishe randa."

"Mama, basi," Fundi akasema.

"Sio basi! Kila likizo, mkwe, wewe unapiga honi, unamchukua mtoto, unapunga mkono. Huyu akirudi ndani anachukua ubao anaupiga randa. Anaupiga randa mpaka unaisha! Ubao mzima, maranda matupu, halafu anafagia. Unafikiri kijumba hiki kimetokea wapi?"

Fundi alikuwa mwekundu wa macho. Na mimi, usinione mtu mbaya, nilifurahi. Unaumwa peke yako, unaona haya kwenda kwa daktari, halafu unakuta jirani yako ana homa ileile, tena yake imeanza kabla ya yako. Nilitaka kumkumbatia. Lakini wivu haukuondoka, mwanangu, ulipata mwenzake tu, wakakaa wawili.

"Shika upande ule," nikamwambia.

Nilitaka tujue uzito wa puani, si kukisia. Nikauliza nani ana mizani. Mke wa Fundi akatazama pembeni. Akatazama pembeni sana. Mwishowe akaenda kwenye gari, akafungua begi lake, akatoa mizani ya kujipimia mwili, imefungwa kwenye kanga.

"Daktari kaniambia nijipime kila siku," akasema. "Anayecheka hali chakula changu."

Hakuna aliyecheka. Mke wangu aliingiza uso kwenye bega la binti yetu, lakini hakucheka.

Tukainyanyua pua kwa jeki, tukaishusha juu ya mizani. Kilo thelathini na mbili! Na Fundi alikuwa amekipima kijumba kikiwa kitupu kwenye ghala la nafaka, akajisifu kwetu sote kwamba hakifiki kilo mia tisa. Na mizigo sema elfu moja. Thelathini na mbili kwenye elfu moja, ndiyo maana nilikishika kama birika.

Sasa nikapata nguvu. Nikawa bwana wa kituo. Sanduku mbele, vuteni wote! Mtungi mbele! Mbao mbele! Maji punguza! Chiriku kashuka kwenye gari, anatufuata nyuma, "Babu nishike nini? Babu na mimi?" nikampa mito apeleke nyuma. Tukapima tena. Mshale wa mizani ukazunguka mpaka mwisho, ukagonga.

"Mtanivunjia mizani yangu!" mke wa Fundi akapiga kelele.

Ikabidi tutafute ubao mrefu. Upande mmoja wa ubao ukae juu ya mizani, upande wa pili juu ya tofali, pua ikae katikati, hapo mizani inabeba nusu tu, wewe unazidisha mara mbili. Zile mbao za mtoto nyembamba, zingevunjika. Ubao uko wapi? Fundi akaingia ndani. Tukasikia bisibisi. Akatoka na ile meza yake ya katikati, uso wa meza, umepigwa msasa unang'aa kama maji. Akaulaza chini kwenye mafuta na vumbi la kituo.

Moyo wangu uliguswa hapo. Nikakasirika kwamba umeguswa.

Tukapima. Tisini na nane. Mara mbili, karibu kilo mia mbili puani! Tukakifunga kwenye pikapu tuone. Pikapu ikakaa chini nyuma kama mbwa anayeomba chakula, taa za mbele zinaangalia ndege. Hiyo nayo mbaya, mwanangu, magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi, ukikata kona gari linakwenda linakotaka. Nilikuwa nimeharibu upande wa pili, mbele ya watu wote.

"Babu," Chiriku akasema, "pikapu imechuchumaa."

Nikakuna kichwa. Nikatazama springi. Nikazunguka. Na hapo Fundi, yule mkimya, akapiga magoti akachungulia chini ya kijumba, akasema, "Mkwe, si mbele wala si nyuma. Sanduku tuliweke juu ya magurudumu. Mbele kidogo tu ya ekseli. Pale meza ilipokuwa. Mtungi ubaki mbele."

Na alikuwa sahihi! Mtu aliyejua jambo hili tangu asubuhi tu! Chiriku akapiga makofi. "Babu Fundi ana akili!" Mwanangu, nilitabasamu mpaka mashavu yakauma. Mimi ndiye niliyesema pua nyepesi, mimi ndiye niliyekizuia kile kijumba kisituue, na makofi yanakwenda kwa Fundi.

Tukaliburuta sanduku mpaka pale. Tukapima. Hamsini na nane, mara mbili, mia na kumi na sita. Nikampa Fundi mkono, mafuta matupu. Tukazunguka barabarani mimi na yeye, tukashuka ule mteremko tena, lori likatupita, kijumba hakikugeuza hata shingo. Tukarudi kituoni.

"Sasa mtoto anaweza kupanda," nikasema, nikijua kiti ni kimoja na Fundi kakikalia, na kijumba ni chake, na safari yote ni yake.

Fundi akafungua mlango akashuka. "Aje aone barabara. Mimi nitakaa na akina mama huko nyuma."

Umeona? Kaniwahi hata kwenye wema! Nilikuwa nimeshajiandaa kumwachia mimi, nionekane mtu mzima. Chiriku akaruka ndani, akapiga honi, na njia nzima mpaka ziwani akaniambia habari za meza ya kusomea. Itakuwa na droo. Droo itakuwa na kitasa. Babu Fundi atamwonyesha kupiga randa bila kujikata. Nikawa naitikia, enhe, enhe, macho kwenye vioo. Nikamuuliza, kama mtu asiyejali, "Na likizo nyingine utakuwa kwa nani?" Akasema, "Likizo gani, Babu?" Akaendelea na kitasa.

Ziwani Fundi akaniongoza kurudi nyuma mpaka chini ya kivuli, ananipungia mkono, njoo, njoo, simama. Alipunga vizuri. Tulipoteremka binti yangu alikuwa anatusubiri, amekunja mikono, vilevile kama mama yake akiwa tayari kuamua kesi.

"Baba, na wewe Baba Fundi. Nimesikia ya honi na nimesikia ya maranda. Kuanzia leo hakuna likizo ya huku wala ya kule. Akifunga shule mnakuja kumchukua wote wawili, kijumba na pikapu. Kama hamtaki kuvumiliana, atakaa na mimi nyumbani ananiongelesha."

Fundi akaniangalia. Nikamwangalia. Ilikuwa zamu ya mmoja wetu kutoa kitu, na safari hii nikasema nisiwahiwe.

"Kesho asubuhi mtoto ni wako na mbao zako," nikamwambia. "Mimi nitawashikia ubao."

"Unajua kushika ubao?"

"Nimeshika lori, Fundi."

"Lori halina nyuzi za mbao." Akafikiria. "Utakaa upande wa mbali, mkwe. Usiongee. Halafu jioni mchukue kwenye pikapu mzunguke ziwa, mimi nitakuwa nafagia."

"Njoo na wewe. Panda nyuma."

"Nyuma ya pikapu? Kama mbuzi?"

"Mbele kidogo ya ekseli," nikasema, na hapo ndipo alipocheka, mara ya kwanza nimemsikia akicheka, sauti nyembamba kama bawaba kavu.

Mke wangu akaita kwamba wali unapoa na hatamwita mtu mara ya pili. Tukatandika mkeka nyuma ya kijumba, karibu na jiko. Chiriku akakaa kwa Fundi, ndiyo, upande wa Fundi, kabla sijafika, na roho ikanikwaruza kidogo, wacha niseme kweli. Lakini alikuwa amenyoosha miguu yake mpaka kwangu, visigino juu ya goti langu, anasimulia tena habari ya kijumba kucheza ngoma. Sikuisogeza. Mke wa Fundi akapakua kuku, akanipa paja, binti yangu akamimina maji ya kunawa, na Fundi akasogeza sahani yake pembeni nipate pa kukaa. Nikakaa, tukaanza kula.